Pijo Halijashuka Rondo

Kilwa Masoko,
Jumatatu, 12 Mei 2025

Kwa mtani wangu Dionis Nikodemo, fundi magari, Rondo.

Assalaam alaykum. Wewe ni mtu wa kanisani, lakini ipokee tu, salamu ni salamu. Shikamoo sikupi, mtani hapewi. U mzima? Mgongo ule unaendeleaje? Na masikio je, bado yako kulekule yalikoachwa na mashine ya kupasulia mbao? Mimi ni mzima, alhamdulillahi, cherehani inazunguka na sare za shule zinatoka. Ungekuwa unasikia simu nisingejisumbua na kalamu, mimi niliyeishia darasa la saba. Lakini mara ya mwisho nilikupigia nikaeleza habari za breki dakika nzima, wewe ukanijibu mahindi yamekauka vizuri. Nikakata. Meseji nazo huzifungui. Kwa hiyo barua.

Nimempa kondakta wa basi la Lindi mfuko wa salfeti, amkabidhi mwenzake wa basi la Rondo. Ndani kuna diski mbili na kalipa mbili, vile vyuma vinavyoibana diski kama koleo. Ni za Pijo la mume wangu Mfaume, lile gari lililolala uwanjani kwako, magurudumu ya nyuma. Toa yale madramu ya breki ya kizamani, funga hizi.

Utauliza kwa nini. Nakueleza wewe, maana nikiwaeleza ndugu zangu habari inafika sokoni kabla yangu. Tangu ajali ile ya kushuka Rondo, mwaka wa pili huu, mume wangu si yule niliyeolewa naye. Mtu ameendesha teksi miaka thelathini, Masoko, Nangurukuru, Lindi, leo anashinda barazani amekunja mikono. Msahafu hasomi. Zamani akitoka msikitini asubuhi alisoma kwanza, chai baadaye. Sasa anauweka mapajani, anautazama, anaufunga, anaurudisha kabatini. Naogopa, mtani. Naona ajali imemkwangua mpaka imani, na kila nikimaliza kusali namwombea yeye kabla ya wanangu.

Nikimwambia akalichukue gari, jibu lake ni moja: "Madramu yale yalitaka kuniua, Mama Warda. Yamemvunja mkono mama wa watu." Ni kweli, yule abiria wake Apolonia alivunjika mkono, na angeweza kuzikwa. Basi nikauliza mafundi wa hapa, wakaniambia dramu zikipata moto kwenye mteremko mrefu huishiwa nguvu, diski zinavumilia. Nikasema kumbe dawa ipo! Breki ikibadilika hofu itaondoka, na hofu ikiondoka Mfaume atarudi. Nimemwambia mpango wangu. Amenyamaza. Mimi nimeuchukua ukimya kuwa ni ndiyo.

Tafadhali nijibu haraka, umpe kondakta yuleyule.

Mtani wako,
Mastura binti Issa (Mama Warda)


Rondo,
23 Mei 2025

Mama Warda, mtani wangu Mmatumbi mbishi,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua hujibu, lakini imeshakufikia. Mgongo upo, masikio hayapo, na mke wangu Antonia anasema hiyo ndiyo amani ya nyumba.

Mzigo umefika. Nimeufungua mbele ya wateja wawili, tumecheka mpaka mmoja akakaa chini. Diski zako zina matundu matano, Pijo halina habari na matano. Tundu la katikati linapita ngumi yangu. Nani kakuuzia hizi, mtani? Hizi ni za gari la kubebea ng'ombe.

Halafu kalipa zako hazina hendibreki. Soma polepole hapa. Hendibreki ya Pijo inashika kwenye dramu za nyuma. Ukizitoa dramu, ukaweka kalipa isiyo na kile kijimkono cha kuvuta waya, gari limebaki bila hendibreki. Mfaume ataliegesha mteremko wa gatini akanunue kahawa, akigeuka linaogelea.

Nyinyi kwenu mkisikia kitu kipya kimeingia mjini hamlali. Madramu haya nimeyafungua kwa mikono yangu. Brekishuu zina nyama, silinda hazivuji, chuma hakina hata rangi ya kuungua. Ningekuwa wewe ningebadilisha dereva kwanza, breki baadaye. Huku Rondo madereva wapo, wana meno yote, mmoja ana mpaka ng'ombe.

Ukishikilia ubishi wako, basi tafuta kalipa zenye mkono wa hendibreki, na diski zinazolingana na mchoro niliouchora nyuma ya karatasi hii. Pima kabla hujabeba. Una futikamba ya ushonaji, itumie.

Wako anayekuvumilia,
Dionis


Kilwa Masoko,
Alhamisi, 5 Juni 2025

Kwa Dionis, mtani nisiyemtamani,

Mungu akusamehe, maana mimi bado. U hali gani? Antonia mpe salamu, na pole, kwa sababu najua anaishi na nani.

Keshokutwa tunachinja, Inshaallah, watu wako jikoni, mimi niko kwenye maduka ya spea. Masoko sikupata. Nangurukuru sikupata. Lindi nimeingia maduka manne na futikamba shingoni na mchoro wako mkononi, watu wanadhani nimekuja kumpima mtu suruali. Duka la kwanza wananiambia diski za gari hilo ni za makumbusho. La pili wamenipa kalipa, nageuza, haina mkono. Nikawauliza, hendibreki inashika wapi? Wakatazamana. La tatu, muuzaji ananiuliza, "Mama, gari la nani?" La mume wangu. "Na yeye yuko wapi?" Yuko barazani. "Basi mwache akae hukohuko, wewe fundi tosha." Wakacheka wote. La nne ndiyo nikapata, zimetoka kwenye gari dogo lililokatwakatwa. Mkono wa hendibreki upo, nimeuvuta mwenyewe, unarudi. Matundu nimepima mara tatu.

Na hilo la kubadilisha dereva, huyo mwenye ng'ombe mwoze dada yako, maana ukoo wenu mmezoea kulala na ng'ombe chumba kimoja. Nilimsomea Mfaume maneno yako, nikidhani atacheka kama zamani. Zamani ukimtania alikuwa anacheka mpaka anapaliwa. Safari hii akainuka, akaingia ndani, akafunga mlango. Umemuumiza mume wangu, Dionis. Siwezi kukushitaki, babu zetu waliruhusu, lakini nimekueleza.

Mzigo huu ufunge. Sitaki hotuba ya pili. Nataka ifikapo Maulidi anipeleke Kivinje, mimi nimekaa kushoto, yeye analalamika barabara mbovu.

Jibu upesi.

Mastura


Masoko,
19 Juni 2025

Ndugu yangu Dionis,

Salaam. Samahani kwa herufi hizi kubwa, siku hizi ndio mwandiko wangu. Mama Warda hajui kama nimekuandikia.

Kalipa za safari hii zitaingia. Amezipima mwenyewe na mimi namjua akipima. Nakuomba usizifunge. Au zifunge polepole, fundi hakosi sababu.

Wewe ndiye uliyeikagua barabara siku ile. Ukaniambia, Mfaume, hapa hakuna alama ya tairi, hukukanyaga breki kabisa. Nikakueleza ukweli, kwamba jua la asubuhi lilipiga kioo, mbele nikaona maziwa matupu, kona sikuiona. Ukaniapia hutasema. Wakati ule lilikuwa jicho la kulia peke yake. Sasa na la kushoto linafuata.

Gari likipona nitasema nini? Mke wangu akijua, atanishika mkono kunipeleka msikitini na Masoko nzima inatazama. Halafu hospitali, halafu kisu. Kaka yangu Abdulwahab alipasuliwa jicho, akarudi na giza. Nipe muda tu.

Ichane barua hii.

Mfaume


Rondo,
10 Julai 2025

Mama Warda,

Salamu nyingi. Huku baridi, mgongo umekaza kama nati yenye kutu.

Diski zimekaa. Kalipa nimezichongea vishikio vya chuma, zimekaa. Umepima vizuri, nakiri, na sitarudia kukiri. Lakini gari halitoki. Ukikanyaga breki mara moja, pedi zinashika diski na hazibanduki tena. Nililisukuma hapa uwanjani hatua kumi, diski ikapata moto wa kukaangia samaki.

Sababu yake hii. Ndani ya masta silinda, pale mbele, kuna kidude kidogo kinachobakiza presha kwenye mabomba ya nyuma. Dramu inakipenda, kinaifanya isilegee. Diski inakichukia, kinaifanya isiachie. Lazima kitoke, na nikishakitoa nipime tena, nyuma zisije zikashika kabla ya mbele, gari likazunguka barabarani kama pia. Ni kazi ya wiki nyingi. Mimi mzee, nina vifaa vichache, nina watu wananivuta huku na huku, wengine sitaki hata kuwataja. Kuna siku natamani ningekuwa mchonga mipini ya majembe.

Mtani, nina ombi. Barua hii usiisome peke yako. Mpe Mfaume akusomee kwa sauti, mstari kwa mstari, mpaka chini. Akimaliza bila kukosea nakupa mbuzi.

Dionis


Kilwa Masoko,
Jumatatu, 21 Julai 2025

Kwa Dionis,

Sijui hata nianze na salamu gani. Haya, u mzima? Mimi mzima, mpaka nilipofika mstari wako wa mwisho.

Eti nisomewe! Darasa la saba nililimaliza, Dionis, tena nilishika namba tatu, na waliokuwa mbele yangu walikuwa watoto wa mwalimu. Kusoma najua. Najua sasa mpaka kidude cha ndani ya masta silinda, kitu ambacho hakuna mwanamke wa mtaa huu aliyewahi kukijua, na Mungu amewahifadhi. Utani una kiasi. Kunitukana ukoo sawa, kunitukana shule yangu hapana.

Lakini niseme kweli, nilimpa. Nikamwambia, mtani wako kaweka mbuzi, nisomee. Akaishika barua, akaishusha, akasema ana udhu, anawahi msikitini. Saa nne asubuhi! Sala gani ya saa nne? Nikaona sasa huyu hataki hata kulisikia gari. Yakanipanda. Nikamwambia, "Mfaume, basi. Nakwenda Lindi nachukua fundi mwingine, tunapanda Rondo, tunalishusha gari lako kwa kamba kama mzoga wa ng'ombe, nitaliweka hapa mlangoni ulitazame kila siku."

Mtani, akasimama. Akasema, "Hakuna fundi atakayegusa gari langu. Nitakwenda mwenyewe na nitalishusha mwenyewe."

Miaka miwili sijaisikia sauti hiyo. Nilikwenda chumbani nikasali rakaa mbili za shukrani, na machozi yakanitoka kwenye mswala. Tarehe tatu Agosti tunasoma hitima ya marehemu mama yake, na Alhamisi ya tarehe saba anapanda basi kuja kwako. Nimemkatia kaunda suti ya kijivu, nimeweka na mfuko wa ndani wa leseni.

Kwa hiyo hicho kidude kitoe. Wiki mbili zinakutosha. Akifika akute funguo mezani na gari limegeuzwa uso kuelekea barabarani. Ukimkwamisha mume wangu safari hii sitakusamehe, na hapo sitanii.

Nijibu kabla hajaondoka.

Mastura


Rondo,
2 Agosti 2025

Mama Warda,

Hapa natoka nje ya utani. Natoka kabisa, nimevua kofia, na ninakuomba usome kama mtu aliyeandikiwa na mtu asiyekuwa mtani wake.

Breki hazikuwa na kosa. Nilikuambia katika barua ya kwanza, nikalisema kwa mzaha kwa kuwa nilikula kiapo, nikadhani mzaha haumo kwenye kiapo. Mfaume hakukanyaga breki siku ile. Hakuiona kona. Ana ukungu machoni, jicho la kulia limeshafunga, la kushoto liko njiani. Nilipokuambia badilisha dereva nilikuwa nakuambia hilo. Nilipokuambia akusomee barua, nilikuwa nakuambia hilohilo. Sikukutukana shule yako. Wewe ukanijibu kiutani, kama inavyotakiwa, na mimi nikabaki nimeshika kichwa. Nimekutania tangu siku ya harusi yako, sikuwahi kufikiri ipo siku nitashindwa kukuambia neno la kweli ukaliamini.

Aliniandikia mwezi wa sita nicheleweshe kazi. Mistari michache imejaza kurasa tatu, herufi kama za mtoto wa chekechea. Kile kidude cha masta silinda nilikitoa siku mbili baada ya barua yangu ya Julai. Gari limepona zamani. Nimekudanganya, nisamehe.

Ningempa Antonia akupigie simu, lakini siri aliyopewa Antonia asubuhi, jioni inajulikana parokia nzima. Basi naandika. Mzuie asije. Akija atataka kulishusha gari kweli, kwa sababu umemsifu na umemshonea nguo. Mteremko wetu unaujua. Watoto wa shule wanapita pembeni.

Barua hii naipeleka stendi mwenyewe sasa hivi.

Dionis Nikodemo


Rondo,
Jumamosi, 9 Agosti 2025

Mke wangu Mastura,

Assalaam alaykum. Nimefika salama. Simu imeita tangu jana mara kumi na moja, najua ni wewe na najua barua ya Dionis imekufikia, kwa sababu kondakta ameniambia alikaa nayo siku nne kwenye droo. Sikupokea. Sauti yako ningeijibu kwa uongo, nimeshazoea. Karatasi hainikatizi.

Nilikuja kulishusha gari. Sikudanganyi tena. Nilikuwa nimepanga nishuke saa sita, jua likiwa utosini, maana jua likisimama juu naona angalau ukingo wa barabara. Nilisema nitaliendesha polepole, kama mtu anayetembea kwa miguu. Dionis akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akafungua magurudumu mawili ya nyuma mbele yangu, akayafungia chumbani, ufunguo akampa Antonia. Nikamtukana. Hakusikia, au alijifanya.

Nikatoka nje na hasira. Mtu akawa anakuja kwenye njia, amejitanda nguo, anatembea polepole. Nikamtambua mzee Valentini, yule muuza asali. Nikapaza sauti, "Shikamoo mzee Valentini!" Mtu akasimama. Akasema, "Mfaume, ni mimi Apolonia. Valentini tulimzika mwezi wa tatu."

Mama Warda, yule mama alikuwa hatua sita kutoka kwangu. Mkono niliomvunja ameukunja mpaka leo, haunyooki. Akaniuliza, "Hunioni?" Nikamwambia, sikuoni. Akaniuliza, "Na siku ile?" Nikamwambia, sikuona. Akakaa juu ya tairi kuukuu, akasema, "Miaka miwili nawaambia watu ni breki." Alipoondoka alinipa mkono ule mzima.

Sasa na wewe nikuambie. Msahafu sikuuacha. Herufi zimeniacha mimi. Nasoma nilizohifadhi, kimoyomoyo, barazani, wewe unadhani nimekunja mikono tu. Nilijua unadhani imani imeniisha. Nikaona heri unidhanie nimeasi kuliko unijue nimekuwa kipofu. Wanaume wengi huasi na wakarudi. Kipofu anashikwa mkono, anapelekwa chooni, anawekewa kijiko mkononi. Na kisu nakiogopa, kama kilichompata Abdulwahab.

Hasira zako nazingoja. Niko kwa Dionis, nalala chumba kimoja na magurudumu.

Mumeo,
Mfaume


Kilwa Masoko,
Jumanne, 12 Agosti 2025

Baba Warda,

Wa alaykum salaam. Herufi nimezikuza kama zako, uzisome mwenyewe. Uzima ninao. Hasira pia ninazo, nyingi, na kwa kuwa umezingoja, shika.

Sikukasirikia macho. Macho ni ya Mungu, anayatia ukungu anapotaka. Nimekasirika kwa sababu tangu mwezi wa tano nazunguka na futikamba shingoni kutafuta dawa ya ugonjwa ambao gari halina. Nimebeba vyuma kwenye kiti cha basi kama nimepakata mtoto. Nimechekwa Lindi. Nimegombana na mtani wangu. Halafu nimekushonea nguo, Mfaume! Nimekaa kwenye cherehani nakushonea nguo ya kwenda kufa, na mfuko wa leseni ndani. Hilo ndilo linaloniamsha. Watoto wa shule wanapita pale. Ungefika chini ukaniambia tena madramu?

Na mimi ninalo langu. Nililala na wewe chumba kimoja nikaona unaufunga msahafu, nikakimbilia kukuombea badala ya kukuuliza. Ningekuuliza "unaona?" mara moja tu. Niliona rahisi kumwambia Mwenyezi Mungu kuliko kukuambia wewe. Nisamehe hilo, na mimi nitalitafutia njia ya kusamehe lako, lakini usinihimize.

Habari ya Abdulwahab umeisimulia nusu. Nimetoka kwa mkewe sasa hivi, nimemuuliza wazi. Shemeji alikaa miaka sita anatia maji ya majani jichoni kwa aibu kama yako. Alipofika kwa daktari jicho lilikuwa limeshakufa kwa ndani. Kisu hakikulitia giza, kilichelewa. Wewe una miwili. Unataka kufika sita?

Gari libaki hukohuko. Dionis arudishe magurudumu na diski zikae, nimezitafuta kwa jasho hazitolewi. Siku daktari akisema unaweza kuendesha, utaendesha. Akisema huwezi, tutampa mwingine aendeshe na sisi tutakaa nyuma tumsimange. Mimi sikuwa nalilia Pijo. Nilikuwa nataka jioni uingie umechoka, utupe funguo, uanze kunisimulia abiria gani kakuudhi. Hayo unaweza kunisimulia hata kama ni ya barazani. Mkono sitakushika mpaka unipe mwenyewe, na kijiko utajishikia.

Dionis simwandikii. Mwambie nimemsikia, na ananidai radhi mimi, na mimi namdai jogoo, faini ya uongo wake wa kidude, alete mwenyewe. Bi Apolonia mpe kitenge nilichokiweka kwenye mzigo huu. Umpe wewe, kwa mkono wako, usimtume Antonia.

Sasa sikiliza. Jumatatu, tarehe kumi na nane, nitakuwa stendi ya Lindi kuanzia saa tatu asubuhi. Jina lako nimeshaliandikisha kwa daktari wa macho. Basi la Rondo likisimama, ukishuka tunakwenda pamoja. Usiposhuka nitapanda mimi, nitakaa pembeni yako, na basi likigeuza, kutoka Lindi mpaka Rondo nitakusomea kila kibao cha barabara na namba ya kila gari tunalopishana nalo, kwa sauti, abiria wote wasikie. Unajua nitafanya.

Basi la huko linateremka Alhamisi hii. Nijibu kwa hilohilo, mstari mmoja unatosha, herufi kubwa upendavyo: unashuka Lindi au hushuki?

Mkeo,
Mastura